Nimeambiwa kipato cha kaya kimezidi, na mwezi uliopita sikuingiza kitu

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi nyumba moja na mama yangu mzazi, ambaye ana pensheni ndogo. Sina ajira, nafanya vibarua. Mwezi mmoja napata, mwingine sipati kabisa. Kaka yangu hunitumia pesa anapoweza. Niliomba msaada wa fedha wa serikali kwa watu wa kipato cha chini, nikajibiwa kwamba kipato cha kaya yangu kimezidi kiwango. Sijui nikate rufaa au niombe upya, na hivyo vibarua na pesa za kaka niziandikeje. Tena naogopa: nikipata huo msaada kisha kazi ikachanganya, si nitadaiwa nirudishe?

Jibu: Dada, nianze na barua uliyopewa, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo. Barua haikusema kwamba wewe una pesa. Imesema kipato cha kaya kimezidi. Maana yake kuna mtu alikaa akajumlisha, akapata tarakimu, akaiweka mbele ya kiwango akaona imevuka. Unachotakiwa kujua kabla ya yote ni alijumlisha nini: mapato ya nani, ya mwezi upi, kabla ya makato au baada yake. Kama barua haionyeshi hesabu hiyo, iombe kwa maandishi. Usiombe kuelezwa kwa mdomo dirishani, kwa sababu maneno ya dirishani hayaingii kwenye faili, na rufaa husikilizwa kwa kilichomo kwenye faili.

Nasisitiza hesabu kwa sababu waombaji wengi hushughulika na kitu kingine kabisa. Wanaandika kurasa mbili za dhiki: mume aliondoka lini, mtoto aliugua vipi, mwenye nyumba alisema nini. Yote ya kweli, na yanaumiza kuyasoma. Lakini ofisa anayepitia fomu ana masharti mbele yake na visanduku vya kujaza, na hakuna kisanduku cha uchungu. Ukimpa uchungu bila tarakimu, atatafuta tarakimu mwenyewe kwenye kumbukumbu za benki, za kodi ya mapato au za pensheni, naye atachukua anazozikuta. Ninavyoona mimi, huenda ndivyo pensheni ya mama yako ilivyoingia.

Basi tuanze na mama. Swali la fomu linaloonekana jepesi kuliko yote, "unaishi na nani?", ndilo linaloangusha watu wengi, kwa sababu kuishi chini ya paa moja hakutoshi kuwa kaya moja kila mahali. Kila mpango una kanuni yake. Marekani, katika mpango wa chakula wa SNAP, kaya ni watu wanaoishi pamoja, wananunua chakula pamoja na kukipika pamoja. Ndugu wawili watu wazima wanaotumia jiko moja lakini kila mmoja ana chungu chake wanaweza kuwa kaya mbili. Hata hivyo mume na mke huhesabiwa pamoja kwa vyovyote, na mtoto aliye chini ya miaka 22 anayeishi na mzazi wake pia, hata wakipika mbalimbali. Uingereza, Universal Credit, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa wenye kipato cha chini, humtazama mwombaji na mwenzi wake wa ndoa au wa kuishi naye. Pensheni ya mama mzazi aliye humo ndani haiwi kipato cha binti yake, ingawa kuwepo kwa mtu mzima mwingine kunaweza kupunguza fungu la kodi ya nyumba. Brazil wana njia nyingine: Bolsa Família, mpango wa kuzipa fedha familia maskini, hujumlisha mapato ya wote wanaoishi pamoja na kuchangiana matumizi, kisha hugawa kwa idadi ya watu. Tangu 2023 kikomo chao ni reais 218 kwa kila mtu kwa mwezi.

Hii ya kugawa kwa vichwa inastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua kaya ambayo mapato yake yote ni 800, kwa pesa yoyote ile, na kikomo ni 218 kwa kichwa. Ukiandika watu wanne, kila mmoja anapata 200, mmeingia. Ukimsahau mtoto mchanga kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa hakijatoka, mnabaki watatu, 266 kila mmoja, mmetoka. Nyumba ni ile ile na njaa ni ile ile. Wewe hakikisha kwamba, kama pensheni ya mama iliingizwa upande wa mapato, kichwa chake nacho kimehesabiwa upande wa kugawa. Hutokea pensheni ikachukuliwa kutoka kwenye kumbukumbu za serikali, ilhali mwenye pensheni hayumo kwenye orodha ya wanakaya kwa sababu mwombaji alidhani anatakiwa kuandika watoto tu.

Na kama kwa kanuni za mpango wenu wewe na mama ni kaya mbili, itabidi uonyeshe. Nani analipa umeme, nani ananunua chakula, mama anatumia pensheni yake kwa nini. Barua fupi ya mama yenye sahihi yake, pamoja na risiti chache, ina uzito kuliko maelezo yako marefu. Lakini usijenge ukuta usiokuwepo. Kama mnakula sufuria moja na pensheni ndiyo inayonunua unga wa watoto, sema hivyo. Ofisa akija kuitazama nyumba akaona tofauti na fomu, umepoteza zaidi ya ombi moja.

Sasa vibarua. Kwa mwenye mshahara mambo ni mepesi, analeta hati ya mshahara imekwisha. Kwako tatizo ni mwezi upi unaohesabiwa. Tuseme miezi mitatu mfululizo uliingiza 120, kisha sifuri, kisha 300, na kiwango cha mpango ni 200. Aliyetazama mwezi wa tatu peke yake anakuona umezidi. Aliyechukua wastani wa miezi mitatu anapata 140, umo ndani vizuri. Mipango mingi ina kifungu kuhusu kipato kisicho thabiti kinachomruhusu ofisa kutazama muda mrefu kuliko mwezi mmoja. Hatakitumia kama hajui kwamba kipato chako ni cha kuyumba. Aliona 300 akadhani ndio mshahara wako.

Kwa hiyo usiandike "kipato changu ni kidogo". Andika hivi, kwa mfano:

"Sina ajira ya kudumu. Nafua nguo na kufanya usafi kwa kuitwa. Katika miezi mitatu kabla ya ombi hili niliingiza 120, 0 na 300. Mwezi wa 300 ulikuwa na kazi ya mara moja ya wiki mbili ambayo imekwisha. Sina ahadi ya kazi nyingine kwa sasa. Naambatisha nakala ya daftari langu na maelezo ya mtu mmoja aliyenipa kazi."

Sentensi sita tu, na kila moja inajibu jambo ambalo ofisa angeuliza. Kama huna daftari, anza leo: tarehe, kazi, aliyekupa, kiasi. Daftari lililoandikwa siku kwa siku, kwa kalamu tofautitofauti na madoa ya chai, linaaminika kuliko jedwali safi lililoandikwa usiku mmoja kabla ya rufaa. Maofisa wanajua kutofautisha, amini. Kwa miezi iliyopita, kumbukumbu za malipo kwenye simu au taarifa ya benki zitakusaidia, na aliyekupa kazi anaweza kuandika mistari miwili. Asipotaka kwa kuogopa mambo ya kodi, usimlazimishe. Andika kiapo chako mwenyewe mbele ya anayeruhusiwa kisheria kukipokea.

Pia angalia kama kiwango kinapimwa kabla ya makato au baada yake. SNAP, mfano, kwa kaya nyingi hupima mara mbili: mapato yote kabla ya makato yasizidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, yaani kipato ambacho serikali imesema aliye chini yake ni maskini, na baada ya kutoa makato yanayoruhusiwa yasizidi asilimia 100. Kwenye hayo makato kuna gharama za kulea watoto ili mtu aende kazini, na sehemu ya gharama za nyumba. Mtu asiyetaja kwamba analipa jirani amshikie mtoto anajinyima makato yake mwenyewe. Kwa mtu wa vibarua, nauli na vifaa vya kazi mara nyingine navyo huruhusiwa kutolewa. Uliza, kwa sababu si kila ofisa atakukumbusha.

Pesa za kaka. Hapa ndipo watu wanaposhawishika kuficha, na ndipo hawafichiki, kwa sababu zimepita kwenye akaunti au kwenye simu. Afrika Kusini, ruzuku ya SRD, ya watu wasio na kipato cha kutosha, iliyoanzishwa 2020 wakati wa korona, hukagua akaunti ya benki ya mnufaika kila mwezi, na kiasi kilichoingia kikizidi randi 624, mwezi huo halipwi. Kompyuta ikikagua haiulizi pesa ilitoka kwa nani. Inaona imeingia.

Andika, basi, na ueleze ni pesa ya namna gani. Kama kaka hutuma kila mwezi kiasi kile kile, mipango mingi itaiita kipato, nawe huna la kubisha. Kama hutuma akipata, mara moja kwa miezi mitatu, kwa ajili ya ada au dawa, hiyo ni zawadi isiyo ya kawaida, na mipango mingine haiihesabu au huhesabu sehemu tu. Kama ni mkopo utakaourudisha, si kipato kwa kanuni nyingi, ila unahitaji karatasi, japo ujumbe wa simu uliosema wazi "nakukopesha". Mwombe kaka aandike: nampa dada yangu kiasi hiki, kwa nyakati hizi, kwa sababu hii, na siahidi kuendelea. Maneno hayo ya mwisho yana kazi kubwa.

Na kuna pesa nyingine zinazowaponza wanawake hasa: pesa za kikundi. Kama wewe ndiye mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba, na michango ya wenzako ishirini inapita kwenye namba yako, kwenye karatasi wewe ni tajiri. Zihamishie kwenye akaunti ya kikundi kabla ya kuomba. Kama umechelewa, ambatisha kumbukumbu za kikundi zinazoonyesha pesa ni za nani.

Zipo nchi ambazo haya yote ya mapato hayaulizwi sana kwa sababu waombaji wengi hawana hati yoyote ya kipato. Kule hupimwa kwa dalili: paa, sakafu, idadi ya vyumba, mifugo, kiwango cha elimu. Tanzania, kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), wanajamii huzitaja kaya maskini kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hujazwa dodoso. Njia hii ina udhaifu wake. Mjane aliyerithi nyumba ya bati huku jikoni hamna kitu anaweza kuonekana ana nafuu. Kama ndivyo mlivyopimwa, pinga jibu moja moja lililoandikwa vibaya, kwa mfano mbuzi watano waliokwisha kuuzwa. Kumpinga ofisa kwa kusema tu "mimi ni maskini" hakubadilishi alama hata moja.

Sasa rufaa au ombi jipya? Jiulize swali moja: siku waliyoamua, hesabu yao ilikuwa na kosa? Kama walimhesabu mama asiyestahili kuhesabiwa, au walichukua mwezi wa 300 wakaufanya ndio hali yako ya kila siku, hilo ni kosa, na dawa yake ni rufaa. Ukishinda, mara nyingi unalipwa tangu tarehe ya ombi la kwanza. Kama hesabu ilikuwa sahihi siku ile lakini mambo yamebadilika tangu hapo, kazi imekwisha na mwezi uliopita hukuingiza kitu, rufaa haitakufaa sana kwa sababu wanaosikiliza rufaa hutazama hali ilivyokuwa siku ya uamuzi. Hapo omba upya.

Kwa maelezo yako naona mawili yote yamo, na ningekushauri ufanye yote mawili. Peleka rufaa kabla muda haujapita, na weka ombi jipya wiki hiyo hiyo, ukitaja ndani yake kwamba kuna rufaa inayoendelea. Watu hudhani kufanya hivyo ni kujichongea. Isipokuwa kanuni za mpango wenu zimekataza waziwazi, hakuna ubaya wowote, na kukaa kimya miezi kadhaa ukisubiri rufaa ndiko kunakokugharimu.

Muda wa rufaa hauna huruma. Uingereza mwombaji wa Universal Credit ana mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, na ni baada ya hapo ndipo anapoweza kwenda kwenye baraza la rufaa. SNAP wanatoa siku 90 kuomba shauri lisikilizwe. Siku za mpango wenu zimeandikwa kwenye barua, kwa kawaida chini kabisa au nyuma ya karatasi. Huhitaji kuwa na ushahidi wote mkononi ili kuwahi. Barua ya mistari mitatu inatosha: napinga uamuzi wa tarehe fulani, namba ya ombi langu ni hii, kosa ni kwamba mmehesabu pensheni ya mtu asiye wa kaya yangu, na vielelezo nitaleta. Kisha dai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiituma kwa mtandao, piga picha ya ukurasa unaosema ombi limepokelewa, tarehe ionekane.

Kanuni hiyo hiyo ya kuwahi inahusu ombi jipya. Nimewaona watu wakizunguka na bahasha kwa wiki nyingi wakitafuta karatasi moja, na kila siku inayopita ni pesa inayopotea, kwa sababu mipango mingi hulipa kuanzia siku fomu ilipopokelewa, si siku umaskini ulipoanza. Marekani sheria ya SNAP inamruhusu mtu kuwasilisha fomu yenye jina, anwani na sahihi tu. Mengine yanakuja baadaye, na tarehe yake imekwisha kuwekwa. Ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 30, na kwa asiye na kitu kabisa ndani ya siku 7. Kwingine usubirifu ni mrefu zaidi. Universal Credit huchukua kama wiki tano kabla ya malipo ya kwanza, na hiyo pesa ya kutangulizwa wanayotoa ni mkopo utakaokatwa baadaye. Uliza kama mpango wenu una utaratibu wa dharura. Mara nyingi upo, ila haujabandikwa ukutani.

Kuomba hakulipiwi. Anayetaka ada ya fomu, au anayekupigia akitaka namba ya siri ili "akuingizie ruzuku", ni mwizi. Nadhani hilo unalijua, lakini waliokwisha kukataliwa mara moja ndio wanaonaswa.

Umeuliza kuhusu kudaiwa. Hofu yako ina msingi, ila umeielekeza pasipo penyewe. Hudaiwi kwa sababu kazi imechanganya. Unadaiwa kwa malipo uliyopokea baada ya hali kubadilika bila wewe kutoa taarifa, au bila wao kuifanyia kazi. Pia msaada haukatwi wote kwa mpigo kila mahali: Universal Credit hupunguzwa senti 55 kwa kila pauni moja unayoingiza juu ya kiasi kinachosamehewa, hivyo bado inalipa kufanya kazi. Kuna mipango yenye ukingo mkali, ambapo ukivuka kidogo tu umepoteza yote, nawe unatakiwa kujua wa kwenu ni wa aina gani kabla hujakubali kibarua cha wiki mbili au kukikataa. Usikatae kazi kwa kubahatisha.

Taarifa ya mabadiliko itoe kwa maandishi, na uweke nakala. Nakuambia hivi kwa sababu ya yaliyotokea Australia. Kuanzia katikati ya muongo wa 2010, mpango uliokuja kuitwa Robodebt ulichukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ukakigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, ukakilinganisha na kile ambacho watu walikuwa wametaja. Mtu aliyefanya kazi nusu mwaka na kupokea msaada nusu nyingine alionekana kana kwamba alikuwa na mshahara mwaka mzima, akaletewa deni, na akatakiwa yeye athibitishe kwa hati za miaka ya nyuma kwamba hadaiwi. Mwaka 2019 serikali ilikubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali, na tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake 2023. Unaona walioumia ni akina nani: watu wa vibarua, ambao kipato chao hakilingani mwezi na mwezi, kama wewe. Waliokuwa wametunza karatasi zao walikuwa na cha kujibu nacho.

Kwa hiyo daftari lako usilitupe ukishapata msaada, wala ukishaacha kuupokea. Ukiletewa barua ya deni, fanya kama kwenye barua ya kukataliwa: dai hesabu, mwezi kwa mwezi, na usisaini kukiri lolote kabla hujaiona. Wakitaka kukata malipo yako ghafla, uliza kama una haki ya kusikilizwa kwanza. Marekani haki hiyo iliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1970 katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, na nchi nyingine zina kanuni zao za namna hiyo. Hesabu ikionyesha kweli ulizidishiwa, omba kulipa kwa awamu na utaje wewe kiasi unachoweza kila mwezi, ukiambatisha matumizi ya nyumbani, kabla ofisi haijakupangia.